Mazoezi ya Watoto Wadogo Wenye Hali ya Down

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Msemaji ni mstaafu wa reli na mkazi wa Kidete.)



Barua ya Katibu iliniagiza nizungumze kwa nusu saa juu ya jambo lolote lenye manufaa kwa wanachama na wanafunzi. Najua wengi wenu mlitegemea niwasimulie habari za reli, maana ndiyo iliyonilisha miaka yote ya kazi, na kila mara tukutanapo kuna mtu wa kuniuliza juu ya mvua za Desemba 2009 na Januari 2010 zilizozoa tuta la reli kati ya Kilosa na Gulwe. Habari hizo nitazisimulia wakati wa chakula kwa yeyote atakayenisogelea. Hapa jukwaani nitasema juu ya watoto wadogo, na mwishoni nitaomba fedha. Hilo la fedha nalitaja mapema ili asiwepo atakayedhani ametegwa.

Mjukuu wangu wa kike alizaliwa mwaka 2019. Alizaliwa salama, lakini alikuwa mlegevu mikononi mwa bibi yake kama kanga iliyoloa. Macho yake yalipanda kidogo pembeni, shingo ilikuwa fupi, na ulimi ulikuwa ukichungulia nje. Katika hospitali aliyozaliwa, ambayo sitaitaja, mama yake aliambiwa maneno mawili tu: "Ndivyo alivyo." Hakuna aliyemwambia hali hiyo inaitwaje, wala afanye nini kesho yake asubuhi. Akarudi Kidete na mtoto, na maneno hayo mawili.

Vijana wa kidato cha nne mmekwisha kusoma mgawanyiko wa chembe hai, kwa hiyo hapa ninyi mtatangulia na sisi wazee tutafuata. Mwanadamu ana kromosomu 46 katika kila chembe, jozi 23. Mtoto mwenye hali ya Down ana 47, kwa kuwa ile ya 21 imekuja mara tatu badala ya mbili. Daktari Mwingereza John Langdon Down ndiye aliyeeleza sura ya watoto hawa mwaka 1866, akiwafananisha na watu wa Mongolia, jambo ambalo leo tunaliona ni ufedhuli. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka kwamba hata sisi tulilikuta jina hilo katika vitabu. Mwaka 1965 wajumbe wa Mongolia waliliomba Shirika la Afya Duniani liache kulitumia, na likaachwa. Kromosomu yenyewe ya ziada iligunduliwa Ufaransa, na habari zake zikachapishwa mwaka 1959.

Nayasema haya kwa sababu moja. Kule kwetu, mtoto wa namna hii anapozaliwa, swali la kwanza ni nani amefanya nini. Mama ametembea? Amekula mwiko? Shangazi ana kijicho? Jibu ni kwamba hesabu ilikosewa wakati yai lilipogawanyika, kabla mama mwenyewe hajajua kuwa ana mimba. Ni kweli kwamba mwanamke mwenye umri wa miaka 40 ana hatari kubwa kuliko wa miaka 20, lakini kwa kuwa wanaozaa zaidi ni vijana, watoto wengi wenye hali hii huzaliwa na mama vijana. Mama wa mjukuu wangu alikuwa na miaka 23. Baba yake mtoto aliondoka wiki ya pili. Sina la kuongeza juu yake.

Mtoto alipofikisha miezi minane bila kuweza kuinua kichwa, mimi na mke wangu tulimchukua hadi Dar es Salaam. Safari hiyo, pamoja na malazi, ilikula mbuzi wawili. Katika kliniki moja tulikutana na dada mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alimweka mtoto kwenye mkeka, akamgusa mgongo, mapaja na nyayo kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akamgeukia mke wangu, si mimi, akamwambia: "Bibi, mimi nitamwona mara moja kwa mwezi. Wewe unaye kila siku. Kwa hiyo anayefundishwa leo ni wewe."

Ndugu wanachama, hiyo ndiyo siri ya huduma hii nzima, na watu wengi hawaijui. Tunaposikia neno tiba tunafikiri sindano au dawa. Kwa hali ya Down hakuna dawa ya kuiondoa, na anayekuuzia mizizi au matone ya kuiondoa anakuibia. Kilichopo ni kazi. Misuli ya mtoto huyu ni laini na viungo vyake vimelegea kupita kiasi, basi yale ambayo mtoto mwingine huyapata bure kwa kucheza, huyu lazima ayafanyie mazoezi mara mia. Huko Marekani katika mji wa Portage, jimbo la Wisconsin, walianzisha tangu mwaka 1969 utaratibu wa mwalimu kumtembelea mzazi nyumbani mara moja kwa wiki, kumwonyesha jambo moja au mawili ya kumzoeza mtoto, na kurudi wiki inayofuata kuangalia. Waliona kwamba vijiji vyao vimetawanyika na kliniki ziko mbali. Nilipoelezwa hivyo nilicheka, nikasema hao wangeifahamu Kidete.

Sasa niwaambie hayo mazoezi yenyewe, maana najua humu ndani wapo watakaokwenda kuyasimulia nyumbani.

La kwanza lilikuwa kulala kifudifudi. Mtoto akiwa macho, unaviringa kanga na kuiweka chini ya kifua chake, mikono ikiwa mbele. Unaweka kitu king'aacho mbele yake. Sisi tulitumia kifuniko cha sufuria. Atalia. Mara ya kwanza alistahimili muda wa kuhesabu mpaka kumi na tano. Unafanya muda mfupi mara nyingi kwa siku, si muda mrefu mara moja. Baada ya majuma machache alikuwa anainua kichwa na kumtazama paka.

La pili ni kuketi. Watoto hawa hupenda kuketi wametandaza mapaja mpaka unaona aibu kwa ajili yao. Majirani husifu kwamba mtoto ana viungo laini, lakini mtaalamu alituambia mkao huo unaharibu nyonga na unamfanya mtoto asitumie tumbo na mgongo. Basi bibi yake alikuwa akimkalisha kati ya miguu yake mwenyewe, na kubana mapaja yake kwa upole yawe sambamba. Baadaye fundi seremala alitutengenezea kiti: mbao mbili za mgongo zinazokutana pembeni kama kona ya nyumba, kikalio kifupi, ubao wa kukanyagia ili nyayo ziguse chini sawasawa, na meza ndogo mbele. Kiti hicho nimekuja nacho. Kiko pale chini ya mwembe.

Kusimama na kutembea kulichukua muda mrefu zaidi. Nilichimbia nguzo nne uani zenye panda, nikalaza mianzi miwili juu yake kwa kimo cha kifua chake. Asubuhi na jioni alipita katikati akijishikilia, kuku wakimfuata. Hapa niwape habari ya utafiti mmoja ulionitia moyo. Mwaka 2001 Daktari Dale Ulrich na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na watoto 30 wenye hali ya Down. Wote waliendelea na mazoezi yao ya kawaida, lakini nusu yao walisimamishwa na wazazi wao, nyumbani kwao, juu ya mashine ndogo yenye mkanda unaozunguka, dakika 8 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Watoto hao walianza kutembea wenyewe siku 101 hivi kabla ya wenzao. Kidete hatuna mkanda unaozunguka. Lakini dakika 8 tunazo.

Watoto hawa, kwa wastani, hutembea wakikaribia miaka miwili au kuipita kidogo, na wengine hufika hata minne. Wetu aliketi mwenyewe akiwa na miezi 13, akatembea akiwa na miaka miwili na miezi saba. Siku hiyo alitoka kwenye mianzi akaenda mpaka kwenye ndoo ya maji, akaimwaga yote. Hakuna aliyemgombeza.

Yako na mambo ya kinywa. Ulimi wake si mkubwa kama watu wanavyosema. Ni kwamba kinywa ni kidogo na misuli yake imelegea. Tulifundishwa kumlisha akiwa ameketi wima, kidevu kimeinama kidogo, si kichwa nyuma kama tulivyozoea kunywesha watoto uji. Kijiko kinaingia sawasawa, kinagandamiza ulimi kidogo, unasubiri midomo ifumbe yenyewe. Uji uwe mzito kiasi, usije ukakimbilia njia ya hewa. Kila mlo ni zoezi, na misuli hiyo hiyo ya kula ndiyo atakayoitumia kusema.

Juu ya kusema, mtaalamu alitushauri jambo ambalo mama mkwe wangu alilipinga kabisa: kutumia ishara za mikono pamoja na maneno. Mzee huyo alidhani tutamfanya mtoto bubu. Kumbe watoto hawa huelewa maneno mengi muda mrefu kabla kinywa hakijaweza kuyatamka, na ishara huwaondolea hasira ya kutoeleweka. Ukisema "maji" unafanya na alama ya kunywa. Kisha unamsubiri. Kumsubiri ndiyo sehemu ngumu. Sisi watu wazima tunauliza na kujibu wenyewe. Mhesabie moyoni mpaka kumi kabla hujarudia. Mjukuu wangu alianza na ishara nne, mojawapo ikiwa ya treni, ambayo hakuna mtaalamu aliyemfundisha. Leo kila ishara ile ina neno lake. Mama mkwe wangu sasa ndiye anayejua ishara nyingi kuliko sisi wote.

Mikono nayo ilifundishwa kazi: kutumbukiza magunzi ndani ya kopo, kumenya karanga, kukunja nguo. Wataalamu wa kazi hiyo wana jina lao, ni wale wa tiba kwa vitendo, na chuo chao kipo KCMC, Moshi, sambamba na kile cha mazoezi ya viungo. Vijana mnaosoma fizikia, kemia na baiolojia, kila mmoja wenu nikimwuliza husema atakuwa daktari. Hewala. Lakini wataalamu hawa wa utengamao ni wachache mno nchini, na wale wa tiba ya usemi unaweza kuwahesabu. Ulizeni sifa za kujiunga kabla hamjajaza fomu.

Nisije nikawapa picha ya mazoezi peke yake. Karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo. Katika kijiji cha jirani alikuwako mtoto wa kiume, mdogo kwa mjukuu wangu kwa mwaka mmoja. Mama yake alikuja kwetu kuona mianzi. Alipomnyonyesha tuliona midomo na kucha zinageuka rangi ya buluu, na jasho linamtoka kama mtu aliyebeba gunia. Mke wangu alimwambia aache mazoezi kwanza, ampeleke akapimwe moyo. Kipimo hicho cha mawimbi ya sauti hakipatikani kila mahali. Alikuwa akikusanya nauli. Mtoto alifariki kabla ya masika, hajatimiza miaka miwili. Nchi yetu sasa inapasua mioyo ya watoto hapa hapa. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ipo Muhimbili tangu mwaka 2015, na zamani tuliwapeleka hadi India. Mtoto yule alikosa mtu wa kumwambia mama yake mapema, tangu wiki ya kwanza, kwamba moyo upimwe.

Vivyo hivyo masikio, kwa kuwa maji hukusanyika nyuma ya ngoma ya sikio na mtoto akaonekana mkaidi kumbe hasikii. Macho pia, na tezi ya shingo, ambayo ikilegea humfanya mtoto azubae na kunenepa, na dawa yake ipo. Tena shingo: mifupa miwili ya juu kwa baadhi yao haikushikana imara, kwa hiyo michezo ya kupindua kichwa chini miguu juu, hapana, hata kama kaka zake wanaifurahia.

Mtaniuliza, faida yake nini hasa? Nitajibu kwa uaminifu. Mazoezi hayabadilishi kromosomu. Wataalamu wenyewe hubishana ni kiasi gani yanaongeza akili ya mtoto, na mimi si mtu wa kuwaamulia. Ninachokiona ni mtoto anayekwenda chooni mwenyewe, anayekula bila kupaliwa, na aliyeanza darasa la awali mwaka 2025 akitembea kwa miguu yake pamoja na watoto wa jirani. Mwalimu wake hakuwa amefundishwa kazi ya watoto hawa, maana walimu wa elimu maalumu hutoka vyuo vichache kama Patandi kule Arusha. Lakini alimpokea kwa sababu mtoto aliingia darasani, akaketi kwenye benchi, akatulia. Asingeweza kuketi, asingepokelewa. Katika nchi tajiri watu wenye hali hii walikuwa wanaishi miaka 25 hivi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sasa wanafikia 60. Basi tunapomlea mtoto huyu tufikiri kwamba atakuwa mtu mzima, na kwamba mimi na bibi yake hatutakuwapo.

Sasa fedha.

Sera ya afya inasema mtoto wa chini ya miaka 5 atibiwe bure katika vituo vya serikali, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataja haki ya huduma za utengamao. Nazishukuru zote mbili. Lakini nauli haimo ndani yake. Tangu Kidete mpaka alipo mtaalamu ni safari ya kulala njiani, na mvua za masika zikikata njia hakuna safari. Treni mpya ya umeme, iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, tunaiona ikipita na tunaifurahia, ila mama mwenye mtoto mgongoni na shilingi elfu tano mfukoni anahitaji mtaalamu amfuate yeye.

Mtoto mmoja kati ya 700 hadi 1,000 wanaozaliwa ndiye mwenye hali hii. Mwenzetu mmoja aliniambia jana usiku, kwa nia njema, kwamba hao ni wachache mno kuwatolea fedha za chama. Kwanza, ninaowafahamu mimi mwenyewe, katika vijiji ninavyofika kwa baiskeli, ni watano walio hai. Pili, mtaalamu akifika hatawauliza wengine warudi nyumbani. Wapo watoto wenye mtindio wa ubongo, ambao ni wengi zaidi, wapo wenye mgongo wazi, wapo waliochelewa tu. Mkeka ni ule ule.

Makadirio ya lango jipya la shule yaliyogawiwa asubuhi ni shilingi milioni 9, pamoja na mnara mdogo wa saa. Sisi tulipita pale palipokuwa na miti miwili na mnyororo, tukiwa na masanduku yetu ya bati kichwani, na tulifaulu. Naomba mkutano uamue kwamba mnara usubiri, na shilingi milioni 3 na laki 6 zitumike hivi. Milioni 3 ni za kumleta mtaalamu wa mazoezi Kidete siku mbili kila mwezi kwa miezi 12, kwa hesabu ya laki 2 na nusu kila safari, nauli, malazi na posho. Laki 4 na nusu ni za mbao, misumari na gundi, ili wanafunzi wa karakana ya useremala watengeneze viti vya kona kumi na ngazi za kufundishia kusimama. Vipimo vyake ninavyo, na Mwalimu wa karakana amekubali. Laki 1 na nusu inayobaki ni ya mikeka, madaftari ya kila mtoto, na chai ya akina mama.

Mwaka ukiisha mtaalamu atapunguza safari, aje kila baada ya miezi mitatu. Kwa hiyo katika miezi hiyo 12 lazima wafundishwe wahudumu wa afya wawili wa kijiji na akina mama wasiopungua sita, wakiongozwa na mke wangu, ambaye hakutaka kuja kusema hapa ila amekubali kufundisha. Hesabu zitasomwa na Mweka Hazina wa chama hiki kila robo mwaka, si na mimi.

Ndugu Mwenyekiti, hoja hiyo nimeiandika na kumkabidhi Katibu kabla ya kikao, naye ameiweka kuwa namba 6, baada ya uchaguzi. Naomba isisogezwe mpaka kesho, maana kesho wengi watakuwa wamekwisha kuondoka na treni ya asubuhi. Wenye maswali juu ya kiti, nitakuwa chini ya mwembe wakati wa chakula. Kinabeba mtoto wa hadi kilo 20, kwa hiyo wanachama wenzangu mkiangalie tu, msikikalie.